Kuongeza malori kwa fedha za ndugu na marafiki hapa Marekani: lazima tujisajili SEC?

Mzigo_wa_Mbali

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa sheria za mitaji za hapa Marekani, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Nina kampuni ndogo ya usafirishaji, LLC (kampuni ambayo kwa kawaida madeni yake hayawafuati wamiliki binafsi), mimi na binamu yangu. Tuna malori matatu, yote yanavuta matrela ya friji. Kazi ipo, na mteja mmoja amesema atatupa mkataba wa mwaka mzima tukifikisha malori matano. Benki tumekwenda, ila riba waliyotupa ukijumlisha dizeli na bima unakuta unamfanyia kazi benki. Tunahitaji dola 400,000: malori mawili, matrela mawili, na akiba ya matengenezo na bima kwa miezi ya mwanzo.

Wazo la binamu ni kuweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, lina watu zaidi ya mia mbili. Weka dola 10,000, umiliki kipande cha lori. Sisi tunaliendesha, tunatafuta mizigo, tunamlipa dereva, na kila baada ya miezi mitatu unapokea gawio. Yeye anasema hiyo si hisa, mtu amenunua kipande cha lori kama mali, kwa hiyo SEC, tume ya serikali inayosimamia uuzaji wa hisa na uwekezaji, hawatuhusu. Kuna jamaa mwingine amejitolea kututafutia watu wenye fedha, anataka asilimia 5 kwa kila atakayemleta.

Je, biashara ndogo kama yetu inahusika kweli na SEC? Nasikia usajili wao ni gharama za makampuni makubwa. Ipo njia halali ya kuchukua fedha za watu bila kujisajili? Na hilo tangazo lina ubaya gani? Bado hatujaliweka, binamu anasubiri niseme ndiyo.

Mzee_wa_Kikoba

Mwanangu, usijitie hofu bure. Watu wetu wamechangiana miaka yote, upatu, vikoba, harusi, misiba, na hakuna aliyekwenda kujisajili popote. Kama watu wanakuamini, andikishaneni mbele ya mashahidi, kila mtu abaki na nakala yake. Na kama neno hisa ndilo linaloleta shida, andika mkopo: fulani amenikopesha dola 10,000, nitamlipa na asilimia 12 juu. Mkopo ni mkopo. SEC ni ya wale wa Wall Street.

Dada_Wino

Shikamoo Mzee wa Kikoba. Naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu ushauri huu ukifuatwa watakaoumia ni watu wengi, na wa kwanza ni hao hao wanaomwamini.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, kazi yangu ya kila siku ni kuandaa makaratasi ya kampuni ndogo zinazokusanya mtaji wa binafsi. Mimi si wakili, kaka Mzigo, na wakili utamhitaji. Lakini ukienda kwake ukiwa umeshaelewa haya, saa zake utakazolipia zitapungua.

Tuanze na kipande cha lori. Binamu yako hajui, lakini hoja yake ilishafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1946, kesi ya SEC dhidi ya W. J. Howey. Kampuni hiyo ilikuwa na mashamba ya michungwa Florida. Ikauza vipande vya shamba, kila mtu na hati yake ya ardhi, na pamoja na hati mkataba wa huduma, mara nyingi wa miaka 10: kampuni inalima, inachuma, inauza, wewe unapokea sehemu ya faida. Wanunuzi wengi walikuwa wageni wa hoteli ya jirani iliyomilikiwa na kampuni hiyo hiyo, watu wasiojua lolote la machungwa. Kampuni ikajitetea kwamba imeuza ardhi. Mahakama ikasema mtu akitoa fedha kwenye shughuli ya pamoja akitarajia faida itakayotokana na jasho la wengine, huo ni mkataba wa uwekezaji, na kisheria ni dhamana (kwa Kiingereza security, yaani hisa, hati za deni na uwekezaji wa namna hiyo, si dhamana ya mkopo). Sasa toa michungwa weka lori. Mwenye dola 10,000 haendeshi, hatafuti mzigo, hata funguo hana. Anasubiri gawio. Hilo ni tangazo la kuuza dhamana, uliite jina lolote.

Kikoba ni kitu kingine, Mzee wangu. Kwenye upatu kila mtu anatoa, kila mtu anapokea kwa zamu, na kilichotoka ndicho kilichoingia. Hakuna anayeahidiwa faida ya biashara inayoendeshwa na mwingine.

Na mkopo nao hauponi kwa kuitwa mkopo. Kulikuwa na ushirika wa wakulima wa Arkansas na Oklahoma uliouza hati za deni kwa wanachama na kwa wasio wanachama, riba nzuri kuliko ya benki za pale, zikitangazwa kama mpango wa uwekezaji. Ushirika ukafilisika mwaka 1984, na watu zaidi ya 1,600 wakabaki na hati zenye thamani ya dola milioni 10. Mwaka 1990, kwenye kesi ya Reves, Mahakama Kuu ikasema zile hati ni dhamana. Mkopo wa benki kwa biashara yako si dhamana. Hati zilezile za deni ukiwauzia watu kadhaa wa kawaida wanaotafuta faida, ili upate mtaji wa biashara, hapo umeingia kwenye sheria.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni ndiyo, mnahusika. Sheria ya Dhamana ya 1933 inasema kila uuzaji wa dhamana usajiliwe SEC, au uwe na msamaha wa kutosajiliwa. Haijali kampuni ina malori matatu au elfu tatu. Jambo jema ni kwamba misamaha ipo, na kampuni nyingi zinazokusanya mtaji wa binafsi nchi hii zinatumia Kanuni D, iliyotungwa na SEC mwaka 1982.

Ndani ya Kanuni D, ninyi mna kuchagua kati ya vifungu viwili, 506(b) na 506(c), na tangazo la WhatsApp ndilo linaloamua.

Chini ya 506(b) unaweza kukusanya kiasi chochote, hakuna kikomo cha dola. Unaweza kuuza kwa wawekezaji wenye sifa (nitaeleza chini ni akina nani) bila idadi, na ndani ya siku 90 zozote usizidishe watu 35 wasio na sifa. Ila huruhusiwi kutangaza kwa umma kabisa. Unaongea na watu ambao tayari mna uhusiano, na uhusiano wenyewe uwe wa kina, unajua hali yao ya fedha kiasi cha kupima kama jambo hili linawafaa. Kuwa naye kundi moja la WhatsApp, mkipeana salamu za Idi na Krismasi, hakutoshi. Kundi la watu mia mbili lina wageni wa wageni. Mtu akishalipiga picha tangazo lako na kulipeleka kundi jingine, huna tena namna ya kusema ulizungumza na unaowajua. Hapo 506(b) imekutoka, na kufuta ujumbe hakuirudishi. Ndiyo maana nafurahi umeuliza kabla.

506(c), iliyoanza kutumika Septemba 2013 baada ya sheria ya JOBS ya 2012, inakuruhusu kutangaza popote, hata redioni. Ila kila anayenunua lazima awe mwekezaji mwenye sifa, bila mmoja wa pembeni, na wewe lazima uchukue hatua za maana za kuthibitisha, usitegemee tiki kwenye kisanduku. Kwa kawaida ni marejesho ya kodi ya miaka miwili, au barua ya mhasibu au wakili wake ya ndani ya miezi mitatu. Tangu Machi 2025 wafanyakazi wa SEC wamekubali pia kwamba mtu binafsi akiweka angalau dola 200,000, akathibitisha kwa maandishi kwamba ana sifa na fedha hizo hakukopeshwa kwa ajili ya uwekezaji huo, na wewe huna habari inayopingana na hilo, inaweza kutosha. Kwa vipande vyenu vya 10,000 njia hiyo haipo.

Mwenye sifa ni nani? Kipato kinachozidi dola 200,000 kwa kila mmoja wa miaka miwili iliyopita, au 300,000 akijumlishwa na mwenzi wake, na anatarajia hivyo hivyo mwaka huu. Au mali halisi inayozidi dola milioni 1 bila kuhesabu nyumba anayoishi. Nyumba iliondolewa mwaka 2010 na sheria ya Dodd-Frank, na watu wengi bado wanaihesabu. Akiba ya kustaafu inahesabika. Tangu 2020 wamo pia wenye leseni fulani za kitaalamu za dhamana, hata kama kipato ni kidogo.

Kabla sijaendelea, kaka: hao unaowafikiria ni wangapi, na wanafanya kazi gani?

Mtia_Mtaji

Naongezea kwa upande wa anayetoa fedha, maana huko ndiko nilikokaa.

Miaka ya nyuma niliweka fedha kwenye mradi wa nyumba za kupangisha, sitautaja. Nilipewa ukurasa mmoja wenye picha nzuri. Nilipoomba hesabu nikaambiwa "kaka, si unatujua?" Nilikuwa nawajua kweli, ila kumjua mtu hakukuambii ana deni kiasi gani benki na nani analipwa kwanza. Nilitoka na chini ya nusu ya nilichoweka.

Siku hizi kitu cha kwanza ninachofanya ni kuingia EDGAR, mtandao wa SEC, na kutafuta Fomu D ya kampuni, taarifa fupi ambayo anayeuza dhamana kwa Kanuni D anaiwasilisha SEC. Ni bure na iko wazi kwa yeyote. Inakuonyesha viongozi ni akina nani, wanataka kukusanya kiasi gani, kiasi gani kimeshauzwa, nani analipwa kamisheni ya kuleta watu, na kiasi gani kinakwenda mifukoni mwa viongozi wenyewe. Nikikuta kampuni imekusanya fedha mwaka mzima na Fomu D haipo, nauliza kwa nini.

Lakini msidanganyike na upande wa pili: Fomu D si cheti. SEC hawakagui biashara wala hawaidhinishi. Mtu akikuambia "tumepitishwa na SEC" kwa sababu amejaza Fomu D, ondoka hapo.

Mzigo_wa_Mbali

Dada Wino, Mtia Mtaji, asanteni sana. Tangazo nimelizuia, binamu amenuna lakini atanielewa.

Nimekaa na daftari. Watu ninaowajua kwa undani, waliowahi kuniuliza kama wanaweza kuweka fedha, ni kumi na wanne. Mmoja ni daktari, yeye na mkewe kwa pamoja wanavuka 300,000. Mmoja ana kampuni yake ya kusafisha maofisi, nadhani anavuka milioni bila nyumba. Wengine ni wauguzi, madereva, wawili wanafanya kazi ghalani. Ni watu wangu wa miaka mingi, wengine tulifikia nyumba moja. Kama hawazidi 35, si tumeshamaliza? Na yule jamaa wa asilimia 5?

Dada_Wino

Hapana kaka, hapo kwenye 35 ndipo watu wengi wanaposomea nusu ya kanuni.

Kila mmoja wa hao 35, haitoshi awe ndugu tu. Yeye mwenyewe, au pamoja na mwakilishi anayemshauri, lazima awe na ujuzi na uzoefu wa fedha na biashara wa kuweza kupima faida na hatari ya anachonunua. Wewe ndiye unayepaswa kuamini hivyo kwa sababu za msingi. Na ukiuza kwa mmoja tu asiye na sifa, unawajibika kumpa kabla hajanunua waraka wa taarifa kwa kiwango kinachotajwa na Kanuni ya 502(b): biashara, hatari, wamiliki, fedha zitatumikaje, na taarifa za fedha zilizoandaliwa inavyotakiwa. Wale wenye sifa, kisheria hulazimiki kuwapa hayo, lakini ukishawapa wengine wape na wao.

Sipendi kuuita huo mzigo wa makaratasi. Mwaka 1953 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Ralston Purina, kampuni ya chakula cha mifugo iliyowauzia hisa wafanyakazi wake bila usajili. Ilisema hawa ni watu wetu, wafanyakazi muhimu. Ukiisoma orodha ya walionunua unakuta fundi umeme, karani wa ghala, mwandishi wa hatimkato, msimamizi wa kupakia chakula cha mifugo, daktari wa mifugo. Mahakama haikuuliza kama wanaipenda kampuni. Iliuliza kama watu hawa wanaweza kujilinda wenyewe, kama wanazo taarifa ambazo usajili ungewapa. Ikaona kampuni haikuthibitisha hivyo. Dereva wako na muuguzi wako wamekaa palepale alipokaa yule karani wa ghala. Wanakupenda, na kwa sababu hiyo hawatakuuliza deni la malori matatu ya sasa limebaki kiasi gani, wala itakuwaje yule mteja asipotoa mkataba. Waandikie, hata wasipouliza. Msamaha wa usajili haugusi sheria ya udanganyifu: ukificha jambo la msingi unashtakiwa sawasawa na kampuni iliyosajiliwa.

Na msamaha ukivunjika, sheria ya 1933 inampa mnunuzi haki ya kurudisha alichonunua na kudai fedha yake yote pamoja na riba. Fikiria wanane wadai siku moja wakati fedha zimeshakuwa matrela. Na huenda mkadaiwa ninyi binafsi pia, si LLC peke yake.

Jamaa wa asilimia 5, mkatae. Anayelipwa kamisheni kwa kuleta wanunuzi wa dhamana anafanya kazi ya dalali wa dhamana, na dalali lazima awe amesajiliwa. Fomu D ina sehemu inayotaka jina la kila anayelipwa hivyo na namba yake ya usajili. Ukimwandika umejichongea, usipomwandika umesema uongo kwenye fomu ya serikali.

Muulize na binamu swali gumu mkiwa wawili: amewahi kutiwa hatiani, au kupigwa amri ya mahakama au ya mdhibiti, kwenye jambo la dhamana au udanganyifu wa fedha? Tangu 2013 kampuni ambayo kiongozi wake, au mmiliki wa asilimia 20 au zaidi ya kura, ana doa la namna hiyo inaweza kukosa 506 kabisa. Uulize hata kama mmekua pamoja.

Kwa hesabu yako mimi ningempelekea wakili njia mbili azipime. Ya kwanza ni 506(b) kwa wale wawili wenye sifa, na labda wachache wanaojua biashara kweli, vipande vikubwa zaidi, waraka kamili. Fomu ya maswali kwa kila mtu kuhusu kipato na mali, isainiwe kabla ya kupewa waraka. Kila nakala ya waraka ipewe namba, na daftari lionyeshe namba ipi ilikwenda kwa nani, tarehe gani, na mlijuana vipi. Ofisini kwetu daftari hilo ndilo ninalolishika kwa mikono miwili, kwa sababu mtu akisema baadaye ulitangaza kwa umma, ndilo linalojibu.

Ya pili, kama moyo wako uko kwa wauguzi na madereva, ni uchangishaji wa umma kupitia jukwaa lililosajiliwa SEC, unaoruhusiwa tangu Mei 2016, hadi dola milioni 5 kwa miezi 12. Hapo asiye na sifa anaruhusiwa, ila ana kikomo. Mwenye kipato cha 70,000 na mali isiyozidi hapo anaweza kuweka 3,500 kwa mwaka kwenye kampuni zote kwa jumla. Kwa hiyo zile 10,000 zako sheria yenyewe inamkatalia. Kwa kiasi cha 400,000 hesabu zenu zitapitiwa na mhasibu huru, na kila mwaka mtatoa ripoti. Hata matangazo yana mipaka yake, mengi ni kumwelekeza mtu aende kwenye jukwaa.

Ndani ya Kanuni D kuna kifungu cha 504 pia, hadi dola milioni 10, lakini haikuokoi na usajili wa jimbo, na watu wako nadhani wametawanyika majimbo mengi. Faida kubwa ya 506 ni kwamba tangu 1996 majimbo hayawezi kukudai usajili. Yanadai taarifa na ada tu, kila jimbo anakoishi mnunuzi, na yamebaki na meno yao yote kwenye udanganyifu.

Mzigo_wa_Mbali

Nimeelewa dada, na nimeguswa na hilo la karani wa ghala. Nimeongea na daktari jana, amekubali kusubiri waraka. Ila yule wa kampuni ya usafi ana haraka, anataka kuniandikia hundi ya dola 50,000 wikiendi hii ili "nafasi yake isichukuliwe". Niipokee niiweke pembeni?

Dada_Wino

Usiipokee. Fomu D inatakiwa ndani ya siku 15 tangu uuzaji wa kwanza, na uuzaji wa kwanza ni siku mtu wa kwanza anapofungwa na mkataba asioweza kujitoa. Kutegemea mlivyoandikiana, inaweza kuwa siku ile ile ulipopokea hundi. Siku ya 15 ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata, basi. Ninyi hata namba za kuingilia EDGAR hamna. Zinaombwa kwa Fomu ID, na ile karatasi lazima isainiwe mbele ya mthibitishaji wa sahihi (notary), nimeona watu wakihangaika nayo wiki nzima huku siku zinakwisha. Kuwasilisha Fomu D yenyewe hakuna ada SEC.

Mwambie nafasi yake ipo na utamwandikia jina kwenye daftari, mtu wa pili baada ya daktari. Mwambie pia wazi kwamba atakachonunua hawezi kukiuza kesho. Ni dhamana zenye kizuizi, na kwa kampuni kama yenu njia ya kawaida ya kuuza ni Kanuni ya 144, baada ya kushikilia mwaka mmoja, na hata hapo ampate wa kumuuzia. Akisikia hivyo na bado anataka, anza na fomu ya maswali. Jumatatu omba namba za EDGAR, na siku hiyo hiyo weka miadi na wakili.

Mzee_wa_Kikoba

Binti, marahaba. Hii habari ya wale wakulima wa Arkansas sikuijua. Mzigo, fuata anavyosema.